Kuongeza Uzito Hatua kwa Hatua katika Mazoezi ya Viungo

Wagiriki wa kale walisimulia habari za Milo wa mji wa Croton, mpiga mieleka aliyembeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali, naye akaweza kumbeba bado. Wanafunzi wa Tarime na Serengeti, ambao wengi wao hukua pamoja na ng'ombe, hukielewa kisa hiki upesi. Hata hivyo kina kasoro moja: ndama hukua pasipo kumngoja ambebaye. Shuleni, mzigo ndio unaopaswa kumngoja mwanafunzi. Kanuni hiyo ndiyo tunayokusudia kuieleza.

Kanuni yenyewe

Msuli ukipewa kazi inayozidi kidogo ile uliyoizoea, kisha ukapumzishwa, huongezeka nguvu. Ukipewa kazi ile ile siku zote, hubaki ulivyo. Ukielemewa ghafla, huweza kuumia. Mwaka 1945 daktari Thomas DeLorme wa Marekani alichapisha maelezo ya utaratibu huu, alioutumia kuwarudishia nguvu askari waliokuwa majeruhi. Kwa watoto wasiobalehe, nguvu za awali hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiongoza misuli kuliko misuli kunenepa. Kwa hiyo tufundishe kwanza namna ya kuinua, kisha uzito.

Vifaa

Yatosha mifuko imara ya mchanga mkavu iliyopimwa. Mizani ikikosekana, darasa litengeneze ya ubao na kutumia maji kuwa mawe ya mizani, kwani lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Chupa tupu ya namna ile ile iwekwe upande wa mchanga. Hapo hisabati nayo hupata nafasi yake.

Utaratibu

Mazoezi haya yanawafaa wanafunzi wa madarasa ya juu, mara 2 kwa juma, katika siku zisizofuatana.

1. Majuma 2 ya kwanza: kuchuchumaa na kuinuka bila mzigo. Mgongo unyooke, nyayo zikanyage chini zote, pumzi isizuiwe.
2. Baadaye mwanafunzi akumbatie kifuani mfuko wa kilo 5, achuchumae na kuinuka mara 8, apumzike dakika 2, kisha arudie.
3. Aongeze idadi polepole mpaka afikishe mara 12 katika kila mkupuo, bila kupinda mgongo, kwa vipindi 2 mfululizo.
4. Ndipo aongezewe nusu kilo, yaani asilimia 10, na kurudi kwenye mara 8.

Anayeona kilo 5 ni nzito aanze na kilo 2 na nusu, na nyongeza yake iwe robo kilo.

Tahadhari

Mashindano ya kunyanyua jiwe kubwa kuliko yote yasiruhusiwe. Kila mwanafunzi awe na ukurasa wake katika daftari la mwalimu, ashindane na hesabu yake ya juma lililopita.

Tena tukumbuke kwamba mtoto aliyeteka maji alfajiri kwa ndoo ya lita 20 amekwisha kubeba kilo 20 kabla ya kengele. Mwalimu aulize, naye apunguziwe siku hiyo. Tukiwapa wote mzigo mmoja twaweza kudhani tumetenda haki, kumbe aliyechoka ndiye anayeumia.

Maswali ya kujadili

1. Mwanafunzi amefikisha mara 12, lakini mgongo umepinda. Je, aongezewe uzito?
2. Kanuni hii yaweza kutumikaje katika kufundisha kusoma?