SOMO: MTHAMINI MWANAGENZI NA KUTAFUTA MLEZI WA KAZI

Chama cha msingi kinapotaka mkopo wa kukarabati ghala, au mwanachama wa chama cha akiba na mikopo anapoiweka nyumba yake rehani, hapana budi karatasi moja ipatikane kabla ya fedha kutoka. Karatasi hiyo ni taarifa ya mthamini, nayo hueleza nyumba, shamba au ghala lile lina thamani gani kwa siku ile. Kamati ya mikopo huitazama tarakimu iliyo mwishoni, huitazama sahihi na muhuri, kisha huendelea na jambo linalofuata katika ajenda. Ni kamati chache mno zinazouliza swali dogo: ni nani hasa aliyeingia ndani ya nyumba hiyo akiwa na futi kamba mkononi?

Mara nyingi aliyeingia ni kijana, na hilo peke yake si kosa. Kazi hurithiwa kwa kuonyeshwa, na kijana asipoonyeshwa leo hapatakuwa na mthamini kesho. Kosa huja pale kijana alipotumwa peke yake kabla hajafundishwa kutazama, kisha mkubwa wake akatia sahihi mezani bila kuifikia nyumba. Hapo chama kimekopesha akiba za wanachama kwa kutegemea macho ambayo bado hayajui yanachokiona.

Somo hili lamhusu kijana huyo. Wapo watoto wengi wa wanachama waliosoma uthamini katika Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam au katika vyuo vingine, na ambao sasa wanazunguka mijini na bahasha ya vyeti wakitafuta mtu wa kuwapokea. Katibu wa chama huombwa ushauri na wazazi wao, na yafaa awe na la kuwaambia.

Kwanza ieleweke kwa nini chuo hakitoshi. Darasani mwanafunzi hufundishwa njia tatu kuu za kukadiria thamani: kulinganisha na bei za mali nyingine zilizouzwa karibuni, kuhesabu gharama ya kujenga jengo kama lile na kutoa uchakavu, na kupima kodi au pato ambalo mali hiyo yaweza kuleta. Njia hizo huandikwa ubaoni kwa muda mfupi. Kuzitumia ni jambo jingine kabisa.

Tuchukue mfano wa nyumba ya mstatili iliyo na mita 12 kwa mita 9 ikipimwa kwa nje. Eneo lake ni mita za mraba 108. Mwanagenzi asiyeelekezwa aweza kuipima kwa ndani, na kama kila ukuta una unene wa sentimita 15, atapata mita 11.7 kwa 8.7, yaani mita za mraba 101.79. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kiwango cha gharama ya ujenzi kilichokusudiwa vipimo vya nje ni shilingi 500,000 kwa mita moja ya mraba. Jibu la kwanza ni shilingi 54,000,000 na la pili ni shilingi 50,895,000. Zimepotea shilingi 3,105,000 kwa sababu ya kutojua futi kamba ishikwe upande gani wa ukuta. Kosa hilo mlezi huliondoa kwa neno moja, siku ya kwanza, akiwa amesimama pale pale penye kona ya nyumba.

Kupima ni jambo jepesi zaidi katika yote. Uchakavu wataka jicho. Ufa mwembamba juu ya dirisha waweza kuwa wa lipu tu, au waweza kuwa dalili kwamba msingi unashuka. Mtu aliyeona nyumba mia moja huzijua tofauti zake kwa kuutazama mwelekeo wa ufa na kuifuata hiyo dalili mpaka chini. Vivyo hivyo mchwa katika boriti, bati lililopakwa rangi upya ili kuficha kutu, na ghala ambalo sakafu yake hupitisha unyevu hata magunia ya chini yakaota ukungu.

Kisha kuna bei. Hapa Tanzania bei iliyoandikwa katika hati ya mauziano si lazima iwe ndiyo iliyolipwa. Wako wanaoandika pungufu kwa kukwepa kodi, na wako waliouziana kindugu kwa bei ya huruma. Mthamini mzoefu hulijua hilo, kwa hiyo humwuliza dalali, humwuliza jirani, humwuliza ofisa mtendaji wa mtaa, kisha huyapima majibu yao kila moja kwa uzito wake, kwa kuwa dalali ana sababu ya kukuza na mnunuzi ana sababu ya kupunguza. Elimu hiyo haimo vitabuni. Imo katika majalada ya wathamini wakongwe na vichwani mwao, na ndiyo maana kijana asiye na mlezi hujikuta akibuni tarakimu.

Nchi ambayo imeziandika kanuni za malezi haya kwa urefu ni Marekani, na sababu iliyowafikisha huko yawahusu wanaushirika moja kwa moja. Kwa miaka mingi Wamarekani wa kawaida walijenga nyumba kwa mikopo ya vyama vya akiba na mikopo ya nyumba, ambavyo vingi vilianzishwa vikiwa mali ya wanachama wake. Katika miaka ya 1980 vyama hivyo vilianza kuanguka. Sababu zilikuwa nyingi: riba zilipanda, usimamizi ukalegea, na mikopo ikatolewa kwa miradi mibovu. Mojawapo ya sababu hizo ilikuwa taarifa za uthamini zilizokuzwa ili mkopo upite. Kati ya mwaka 1986 na 1995 vilifungwa au kuokolewa na serikali vyama 1,043. Mwaka 1989, katikati ya msiba huo, Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria iliyotaka wathamini wa mikopo inayosimamiwa na serikali kuu wawe na leseni au cheti cha jimbo.

Kutokana na sheria hiyo zikaja kanuni za uanagenzi. Mwanagenzi husoma kwanza kozi zilizowekwa, kisha hufanya kazi chini ya msimamizi mwenye cheti. Msimamizi huyo awe amekuwa na cheti kwa miaka 3 au zaidi, asiwe na adhabu ya kuvuliwa haki ya kazi katika miaka 3 iliyopita, na kwa kawaida asichukue wanagenzi zaidi ya 3 kwa wakati mmoja. Yampasa kuifikia kila mali pamoja na mwanagenzi wake mpaka aridhike kwamba kijana anaweza kwenda peke yake, na kuzisoma taarifa zake kabla ya kuzitia sahihi. Kwa leseni ya chini kijana hutimiza saa 1,000 za kazi katika muda usiopungua miezi 6. Kwa cheti cha nyumba za kuishi, saa 1,500 katika miezi 12 au zaidi. Na kwa cheti cha mali za kila aina, saa 3,000 katika miezi 18 au zaidi, nusu yake zikiwa za mali zisizo nyumba za kuishi. Saa hizo zote huandikwa katika daftari: tarehe, mahali, aina ya mali, kazi aliyoifanya mwanagenzi, muda uliotumika, na sahihi ya msimamizi. Wafanyabiashara wa kwetu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwanagenzi, uzoefu nao ni mali.

Kanuni hizo ni nzuri, lakini zilizaa shida ambayo waliozitunga hawakuitazamia. Hakuna sheria inayomlazimisha mthamini yeyote kumpokea mwanagenzi. Kijana akawa anahitaji mlezi ili apate cheti, na walezi wakawa hawataki. Waliobahatika ni wale ambao baba au mjomba alikuwa tayari katika kazi hiyo. Tume ya serikali ya nchi hiyo iliyotoa ripoti yake mwaka 2022 ilikitaja kikwazo hiki kuwa miongoni mwa mambo yaliyozuia watu wa jamii nyingine, Wamarekani weusi wakiwemo, kuingia katika kazi ya uthamini. Tangu mwaka 2021 bodi ya sifa za wathamini huko imeruhusu njia nyingine, ya mafunzo ya vitendo yanayofanywa kwa kompyuta pamoja na walimu washauri, ili asiye na mjomba naye apate mlango.

Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini mwaka 2016, ikaunda Bodi ya Usajili wa Wathamini. Mhitimu hawi mthamini kamili siku anapopokea shahada yake. Yampasa apate uzoefu wa kazi kwanza. Kwa hiyo swali la Wamarekani ni letu pia: nani atampokea?

Mkubwa anayekataa hana roho mbaya kila mara. Sahihi ni yake, na kosa la kijana litaitwa kosa lake. Kazi ya siku moja huwa ya siku mbili anapolazimika kueleza kila hatua, na mteja halipi siku ya pili. Wateja wengine, hasa mabenki, hutaka mwenye jina aje mwenyewe. Zaidi ya hayo kuna hofu isiyosemwa: huyu ninayemfundisha leo, kesho atafungua ofisi ng'ambo ya barabara.

Kijana ayajibu mambo hayo kwa vitendo. Barua kumi zenye maneno yale yale, "naomba nafasi ya kujifunza," hazimwondolei mkubwa mzigo hata mmoja. Afadhali achukue nyumba ya ndugu yake, aipime, aichore, apige picha za kila chumba, atafute bei tatu za jirani, kisha aandike taarifa nzima ya mazoezi isipokuwa sahihi. Mahali alipokuwa na shaka aseme wazi kwamba ana shaka. Aende nayo ofisini na kuomba dakika chache: "Mzee, naomba unionyeshe nilipokosea." Mkubwa atakapoishika kalamu kusahihisha, malezi yamekwisha kuanza, na naye amekwisha kuona kama kijana husema kweli. Wako wengi ambao hukataa barua lakini hawawezi kuvumilia kuona hesabu mbovu bila kuirekebisha.

Pia kijana apeleke kitu ambacho mkubwa hana. Mthamini wa mjini hajui shamba la kahawa la bondeni liliuzwa kwa nani. Kijana wa kijiji hicho anajua, na mwenyeji humfungulia mlango. Wala si lazima mlezi awe mmoja. Anayejua nyumba za mjini aweza kuwa hajui mashamba, na anagenzi chini ya wawili yampa kijana macho mapana.

Lakini asimkubali kila anayemkubali. Kabla ya kuanza, awaulize waliopita katika ofisi hiyo: je, alikwenda nao kwenye mali, au aliwapa funguo za gari tu? Je, alisaini daftari lao kila wiki, au walimfuata miezi mingi? Wakubaliane mapema kuhusu nauli na posho, hata iwe ndogo, maana kijana mwenye njaa ni mwepesi wa kushawishika. Mlezi anayedai fedha ili asaini saa za kazi aachwe. Na iko dalili moja mbaya kupita zote. Mteja anapofika, ofisi nzuri huuliza nyumba iko wapi na taarifa ni ya kazi gani, ofisi mbaya huuliza, "Unahitaji mkopo wa kiasi gani?" kisha humtuma kijana akaitafute nyumba itakayolingana na jibu. Kijana aliyelelewa hivyo atakuwa na vyeti vyote, na kila taarifa atakayoandika itakuwa deni juu ya wanachama wa chama fulani.

Vyama navyo vina sehemu yao, na si ya kutoa fedha. Chama kinapoagiza uthamini wa ghala au wa jengo la ofisi, katibu aweza kuweka sharti katika barua: mthamini aje mwenyewe, na anakaribishwa aje na mwanagenzi. Sharti hilo huondoa kisingizio kwamba wateja hawataki vijana, na papo hapo hukilinda chama. Katibu aweze pia kumfungulia mwanagenzi majalada ya ujenzi ya chama, gharama za saruji, nondo, bati na ufundi kama zilivyolipwa hasa. Hakuna kitabu cha chuo kitakachompa takwimu hizo za wilaya yake. Majalada ya mikopo ya wanachama, hata hivyo, yabaki kabatini. Hayo ni siri ya wanachama, na mwanagenzi mwema hatayaomba.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi cha masomo:

1. Tazameni taarifa ya mwisho ya uthamini iliyoletwa katika chama chenu. Je, yaonyesha ni nani aliyeifikia mali hiyo, na siku gani?

2. Mwanachama anaomba mkopo, na taarifa ya thamani imelingana na kiasi alichoomba kasoro shilingi chache. Kamati imwulize mthamini nini?

3. Katika kijiji chenu, nani wanaojua bei za kweli za mashamba yaliyouzwa miaka miwili iliyopita, na kila mmoja wao ana sababu gani ya kuzikuza au kuzipunguza?