Binti Sultani Aliyejifunza Kuandika

Wengi wenu mmechunga ng'ombe chini ya mlima Hanang, nanyi mwaujua mfupa bapa wa bega la mnyama, uliokauka na kuwa mweupe kwa jua. Ni nani kati yenu aliyeudhania kuwa ubao wa kuandikia? Palikuwa na msichana aliyejifunza kuandika juu ya mfupa wa namna hiyo, nao ulikuwa wa ngamia. Msichana huyo ni Salme binti Said.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kando ya bahari, nje ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetekwa utotoni katika nchi ya mbali. Jumba lile lilikuwa mfano wa mji, lenye wake, watoto na watumwa wengi, na lugha nyingi uani.

Siku zile mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, wala si kuandika. Salme hakuridhika. Akatwaa mfupa wake, kalamu na wino, akanakili herufi za Kurani moja moja kwa siri, mpaka mkono ukazoea. Jambo lilipojulikana alilaumiwa sana, lakini hakuacha.

Elimu ile haikukawia kumtia mashakani. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, na mwanawe Majid akashika utawala wa Unguja. Mwaka 1859 Barghash, ndugu yake Majid, alifanya njama ya kumwondoa. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, naye Salme alimpenda mno Khole. Basi msichana wa miaka 15 akawa karani wa njama, akiandika barua za siri juu ya Majid, ndugu aliyemlea kwa wema. Waingereza walimsaidia Majid, njama ikavunjika, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe Salme. Lakini alipopatana naye, Barghash na Khole wakamchukia.

Baadaye alipendana na mfanya biashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1866 akatoroka usiku katika manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa, nao wakaenda kukaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado akijifunza.

Ndipo ile kalamu ikamfaa. Aliwaandikia watoto wake habari za kwao, wapate kujua mama yao alikotoka. Kitabu chake kilitolewa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, nacho huhesabiwa miongoni mwa vitabu vya kwanza ambavyo mwanamke wa Kiarabu alisimulia maisha yake mwenyewe. Wasafiri wa Ulaya waliandika juu ya karafuu, meli na pembe za ndovu, lakini hawakuruhusiwa kuingia uani kwa wanawake. Yeye alituandikia vyakula, mavazi, arusi, maradhi, sikukuu na malezi ya watoto. Bila yeye mengi ya hayo yangalipotea.

Hata hivyo tusimsome kama watu waliofumba macho. Juu ya utumwa aliwatetea watu wake, akasema kwamba watumwa wa Waarabu walitunzwa vema. Aliyatazama mambo kutoka barazani kwa bwana. Yule aliyeletwa kutoka bara, shingoni ana mnyororo, hakupewa kalamu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Barghash akiwa sultani, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria kisiwani mpaka mwaka 1897.

Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, akidai urithi wake. Watu wa mjini walimlaki kwa furaha, bali Barghash alikataa kumwona. Alirudi tena mwaka 1888, asipate kitu. Akakaa miaka mingi Beirut, kisha akafariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg. Katika vitu alivyoacha kilikutwa kifuko kidogo chenye mchanga wa pwani ya Unguja.