Kimbunga cha Bahari na Kimbunga cha Wingu: Fasili ya Neno na Usalama wa Msikilizaji wa Mwamanyili

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha hatari za dhoruba mbili za mzunguko ambazo katika Kiswahili zote huitwa kimbunga: ile izaliwayo juu ya bahari na ile ining'iniayo kutoka katika wingu la radi. Hoja inayotetewa ni kwamba kuchanganya dhana hizi si kasoro ya kamusi pekee, bali kunagusa uhai wa watu. Mfano unaotumika ni kata ya Mwamanyili, Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu.

1.0 Utangulizi

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya upepo mkali. Yapo dhoruba, tufani, kimbunga, chamchela na kisulisuli. Hata hivyo, wingi wa maneno hauleti wenyewe ubainifu wa dhana. Katika taarifa za habari, neno kimbunga hutumiwa kwa dhoruba iliyosambaratisha mtaa mmoja wa mji wa Oklahoma kwa dakika chache, na pia kwa dhoruba iliyopiga pwani nzima ya Florida kwa siku mbili. Msikilizaji hupewa jina moja, ilhali hatari ni mbili, na njia za kujiokoa ni mbili.

2.0 Dhana Mbili

Kimbunga cha bahari huanza juu ya maji yenye joto la nyuzi 26 au 27 za Selsiasi na zaidi. Mvuke unaopanda ndio chakula chake. Katika Atlantiki huitwa harikeni, magharibi mwa Pasifiki huitwa taifuni, na katika Bahari ya Hindi huitwa saikloni; majina hufuata bahari, bali kitu ni kilekile. Upana wake hufikia mamia ya kilomita, na huishi kwa siku nyingi. Kimbunga Freddy cha mwaka 2023 kilidumu zaidi ya wiki tano.

Tonado ni safu ya hewa izungukayo kwa kasi, ikiwa imeunganisha wingu la radi na ardhi. Upana wake kwa kawaida ni makumi au mamia ya mita, na nyingi humalizika katika muda usiotimia dakika kumi. Safu ya namna hii ikitokea juu ya maji huinua rasharasha na kuonekana kama nguzo iliyosimama kati ya ziwa na wingu.

3.0 Ulinganisho wa Hatari

Kwa kigezo cha kasi ya upepo, tonado hushinda. Kimbunga cha bahari huhesabiwa kuwa kimekomaa upepo wake unapofikia takriban kilomita 119 kwa saa. Tonado kali kabisa huvuka kilomita 320 kwa saa. Tonado iliyopita katika majimbo matatu ya Marekani tarehe 18 Machi, 1925 iliua watu 695, na ile ya Bangladesh ya Aprili, 1989 inakadiriwa kuua watu 1,300 hivi.

Kwa kigezo cha jumla ya maafa, mizani hugeuka. Kimbunga cha Bhola kilichopiga eneo ambalo sasa ni Bangladesh, Novemba, 1970, kiliua watu wasiopungua 300,000. Wengi wao hawakuuawa na upepo bali na bahari iliyopanda nchi kavu. Hapa ndipo tofauti ya msingi ilipo: tonado huua kwa vitu vinavyorushwa na kwa majengo yanayoporomoka; kimbunga cha bahari huua zaidi kwa maji.

Pwani ya Afrika Mashariki inashuhudia jambo hilo. Kimbunga cha Aprili, 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1952 kingine kiliipiga Lindi. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei, 2024 kilikuwa kimepungua nguvu, lakini mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga.

Kigezo cha tatu ni muda wa tahadhari. Kimbunga cha bahari huonekana katika picha za setilaiti siku kadhaa kabla ya kufika, hivyo watu waweza kuhama. Kwa tonado, hata Marekani yenye rada nyingi, tahadhari kwa wastani hutangulia kwa dakika zisizofika 15. Hakuna nafasi ya kuhama. Kuna nafasi ya kujificha tu.

4.0 Msikilizaji wa Mwamanyili

Wilaya ya Busega inapakana na Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Bahari ya Hindi. Masafa peke yake hayatoshi kuwa kinga, kwani Freddy kiliua mamia ya watu nchini Malawi, nchi isiyo na pwani. Kinga kubwa zaidi ni ikweta. Mzunguko wa dunia, ambao ndio huvipa vimbunga vya bahari mzunguko wao, una nguvu ndogo mno karibu na ikweta, na vimbunga hivyo ni nadra kuzaliwa ndani ya nyuzi tano za latitudo. Mwamanyili iko kati ya nyuzi mbili na tatu kusini. Kimbunga cha mbali chaweza kuongeza au kupunguza mvua zake kwa kuvuta unyevu, lakini si kuiezua paa.

Hatari halisi ya mahali hapo ni nyingine. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa. Pepo za nchi kavu hutoka pande zote na kukutana juu ya maji, hewa hupanda, na mawingu ya radi hujengeka. Saa hizo ndizo mvuvi wa dagaa yuko ziwani na taa zake. Wingu likianza kumwaga mvua, hewa nzito hushuka kwa kishindo na kutawanyika juu ya maji, na mawimbi huinuka ghafla. Dhoruba hiyo si harikeni, na mara nyingi si tonado pia, lakini tabia yake ni ya ukoo wa tonado: ndogo kwa eneo, kali, na ya ghafla. Nchi kavu nako mfano upo: Machi, 2015, dhoruba ya upepo na mvua ya mawe iliua watu zaidi ya 40 katika eneo la Mwakata, Wilaya ya Kahama.

Basi redio inapotangaza kimbunga bila kukibainisha, makosa mawili huwezekana. Msikilizaji mmoja huogopa kisichoweza kumfikia. Mwingine, akiisha kusikia mara kadhaa vimbunga visivyofika kwake, hujifunza kupuuza neno lenyewe, na siku tahadhari ya ziwa inapotolewa kwa neno hilohilo, husukuma mtumbwi majini.

5.0 Pendekezo la Istilahi

Inapendekezwa kwamba kimbunga libaki kwa dhoruba ya bahari pekee. Desturi ya kuipa dhoruba hiyo jina maalumu, kama Kenneth, Jobo au Hidaya, inasaidia ubainishaji, kwani tonado na dhoruba za ziwa hazipewi majina. Kwa tonado, neno chamchela laweza kupanuliwa: chamchela ya vumbi kwa ile ndogo inukayo ardhini wakati wa jua kali, chamchela ya wingu kwa tonado, na chamchela ya maji kwa ile ya ziwani. Kivumishi ni cha lazima, kwa sababu chamchela peke yake humkumbusha msikilizaji vumbi la uwanjani, jambo lisilotisha. Upepo wa ghafla wa ziwani uitwe dhoruba ya radi, ili chanzo chake, yaani wingu linaloonekana, kiwe ndani ya jina.

6.0 Hitimisho

Swali la ipi kati ya dhoruba hizi ni hatari zaidi halina jibu moja. Kwa mkaazi wa Mafia au Lindi, jibu ni kimbunga cha bahari, na wokovu wake ni kuhama mapema kutoka maeneo ya chini. Kwa mkaazi wa Mwamanyili, jibu ni dhoruba ya wingu isiyo na jina, na wokovu wake ni kutoingia ziwani wingu linapojengeka, au kukaa ndani ya nyumba imara mbali na madirisha na miti. Istilahi ya tahadhari inapaswa kupimwa kwa kigezo kimoja: je, aliyeisikia amejua la kufanya?