Pini ya Tatu: Namna ya Kufundisha Kazi ya Waya wa Ardhi

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa nikisikiliza somo la umeme wa nyumbani. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, plagi ya pasi yetu imefungwa nyaya mbili tu, na pasi yapata moto. Pini ya tatu ni ya nini?" Mwanachuo akajibu kwamba pini ile huishikilia plagi isichomoke ukutani. Darasa likaridhika. Sikumkatiza mbele ya wanafunzi wake, bali baada ya kipindi tulizungumza, na kesho yake akalirudia somo. Kosa la hesabu hubaki daftarini; kosa la namna hii mtoto huenda nalo nyumbani, akashika nalo pasi.

Yampasa mwalimu kujua nini

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Hutoka katika transfoma kwa waya wa moto, hupita katika chombo, kisha hurudi kwa waya wa nyutro. Waya wa tatu, ambao mafundi huuita ethi, hauna kazi siku ambazo chombo ni kizima. Huungwa na bati la nje la pasi, ukingoja siku ya hitilafu. Rangi yake ni kijani yenye mistari ya manjano, au kijani kitupu katika nyumba za zamani.

Tuchukue pasi ya wati 1,150. Hutumia ampea 5. Siku moja waya wa moto unachubuka na kugusa bati. Ikiwa waya wa ardhi upo, na ukinzani wa njia nzima ni omu 1, zitapita ampea 230. Fyuzi ya ampea 13 itakatika mara moja. Ikiwa haupo, bati litabaki na umeme, nayo pasi itaendelea kupata moto kama kawaida. Atakayeigusa huku amekanyaga sakafu yenye maji atakuwa yeye ndiye njia. Tuseme ukinzani wa njia hiyo ni omu 2,300: zitampitia ampea 0.1. Kiasi hicho chaweza kuusimamisha moyo, wala fyuzi haitakisikia.

Usiwaambie wanafunzi kwamba umeme "hufia ardhini". Umeme hutafuta njia ya kurudi kwenye transfoma. Udongo ni njia, lakini mara nyingi ni njia nyembamba. Fimbo ya shaba iliyochimbiwa penye udongo mkavu ikifanya ukinzani wa njia kuwa omu 23, zitapita ampea 10 tu, na fyuzi ya 13 haitakatika. Ndiyo sababu nyumba hufungwa pia swichi ya usalama ihisiyo umeme unaovuja. Iliyo ya kawaida majumbani hukata uvujaji ufikapo ampea 0.03.

Mabomba ya chuma ya maji nayo huunganishwa kwa waya na mfumo huo wa ardhi. Ndege hutua juu ya waya mmoja asidhurike kwa kuwa miguu yake yote iko kwenye volti sawa. Vivyo hivyo, vyuma vilivyounganishwa hukaribiana volti, na mtu anayevishika viwili kwa pamoja hupata kinga.

Vifaa vya somo

Betri kavu mbili za tochi, balbu mbili za tochi, kopo la maziwa lililokwanguliwa rangi, vipande vya waya, na nyuzi chache za stili waya ya kusugulia sufuria. Umeme wa ukutani usitumike kamwe katika jaribio hili.

Hatua

1. Unga betri, uzi wa stili waya (ndio fyuzi) na balbu ya kwanza, ambayo ndiyo pasi. Balbu iwake.
2. Gusisha waya wa moto kwenye kopo. Uliza: "Kuna lililobadilika?" Hakuna. Hapo ndipo penye hatari.
3. Unga balbu ya pili, iitwayo "mtu", kutoka kwenye kopo hadi upande hasi wa betri. "Mtu" anawaka, fyuzi iko salama.
4. Ongeza waya wa ardhi kutoka kwenye kopo hadi upande hasi. Uzi unawaka mwekundu na kukatika. Balbu zote zinazimika.

Fanya jaribio mwenyewe kabla ya kipindi ili ujue idadi ya nyuzi zinazofaa, na uzi uwe juu ya sahani yenye mchanga.

Kumalizia

Waulize wanafunzi kwa nini pini ya ardhi ni ndefu kuliko wenzake. Huingia kwanza na kutoka mwisho, na katika soketi nyingi ndiyo ifunguayo vilango vya matundu mengine. Kwa hiyo wakanye kuchokoa tundu hilo kwa kalamu ili kuingiza plagi ya pini mbili.

Mwisho, watazame vyombo vya nyumbani kwa macho tu, bila kufungua kitu. Chenye alama ya mraba ndani ya mraba kimekingwa mara mbili, hakihitaji waya wa ardhi. Chombo cha bati kisicho na alama hiyo wala pini ya tatu, mzazi aambiwe, na fundi aitwe.