Kipima hewa cha mezani na babula yetu

Somo la leo ni juu ya chombo ambacho vijana wetu wa shule ya ufundi wanapenda kujitengenezea: kipima hewa kidogo cha kuweka mezani. Ni kazi nzuri ya mikono. Lakini chombo hiki kina mpaka wake, na asiyeujua anaweza kufa akiwa amelala.

1. Vitu vinavyotakiwa
Kadi ya Arduino Uno, kioo kidogo cha OLED, kipimio DHT22 cha joto na unyevu, kipimio MQ-7 cha gesi ya makala, na nyuzi za kuunganisha. Umeme utatoka kwa chaja ya simu ya volti 5. Kamwe usiunge nyuzi hizo kwa umeme wa ukutani.

2. Kuunganisha
Kila kifaa kiunge kwa volti 5 na kwa GND. Uzi wa habari wa DHT22 unaingia tundu la 2, wa MQ-7 tundu A0. Kwa kioo, SDA inaenda A4, SCL inaenda A5. Kisha kadi inapewa programu kwa kompyuta. Kioo kitaonyesha joto, unyevu, na hesabu ya gesi kati ya 0 na 1023.

3. Hesabu ile inasema nini?
Inasema tu kwamba gesi inapanda au inashuka. Si kipimo kamili. Mimi mwenyewe nilipomaliza changu, nilikiamini usiku ule ule. Kumbe MQ-7 inatakiwa kupashwa moto saa 48 kwanza. Tena inataka volti 5 kwa sekunde 60, halafu volti 1,4 kwa sekunde 90, na vile tulivyounganisha hapa inapata volti 5 tu wakati wote.

4. Adui mwenyewe
Gesi ya makala haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, usingizi mzito. Wengi wanasema: ni malaria. Lakini kama watu wote wa nyumba wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, fikiri babula.

5. Usiku wa hatari
Mwezi wa sita na wa saba, baridi ni kali. Umeme ukikatika, mama anaingiza babula chumbani ili watoto wapate joto. Na usiku huo huo kipima hewa chetu kimezimika, maana nacho kinakula umeme ule ule! Mlinzi amelala saa mwizi anaingia.

TUKUMBUKE
– Babula ikae nje, hata kama makala yamekuwa mekundu bila moshi.
– Kipima hewa cha nyumbani ni cha kujifunza, si cha kulinda. Anayetaka mlinzi anunue king'ora chenye alama EN 50291 na betri yake.
– Ukikuta mtu amezimia: fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi, mpeleke hospitali apewe oksijeni.

Baba, msifu mtoto wako kwa kazi yake. Kisha, kabla ya kulala, toa babula nje.