Gauni jeupe linatoka njano

Swali: Napiga picha za harusi ukumbini. Gauni la bibi harusi ni jeupe, lakini pichani linatoka njano. Je, kamera ni mbovu?

Jibu: Kamera yako ni nzima. Balbu za kawaida hutoa mwanga wa takriban kelvini 3,000, ambao ni wa njano. Mwanga wa jua la mchana hufika kama 5,500, na kivulini hupanda hadi 7,000 au zaidi, ukielekea bluu. Jicho hujirekebisha lenyewe. Kamera hukisia tu, na makisio yake hubadilika kila bibi harusi anapogeuka.

Fungua menyu ya WB (mizani ya weupe) uchague alama ya balbu. Bora zaidi, piga picha ya kadi ya kijivu pale pale anaposimama, uifanye kipimo. Karatasi nyeupe siipendekezi: nyingi zimetiwa kemikali za kung'arisha zinazoelemea bluu. Hifadhi kwa RAW (faili ghafi la kamera) ili rangi irekebishike baadaye bila kuumiza picha.

Kazi ngumu ni dirisha upande huu na balbu upande ule. Hapo hakuna mpangilio mmoja unaotosha. Funga pazia, au msogeze bibi harusi dirishani, uzime taa za karibu naye.