Azuma: dozi ya kijiji kizima na kidonge cha kuazima

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Same, huku chini upande mkavu wa milima ya Pare. Nilimkuta bibi barazani na kioo na kibano, anang'oa kope. Zimegeukia ndani, zinakwangua jicho. Hiyo ni trakoma, wengi tunaiita vikope. Mtoto huambukizwa mara nyingi kwa mikono, nzi na kanga ya kufutia uso. Miaka inapita, kovu linavuta kope ndani. Maji yakiwa ya shida, uso hauoshwi mara kwa mara.

Dawa yake ni azithromaisini, ambayo hosteli tunaijua kama azuma. Ilitengenezwa Zagreb mwaka 1980 na wanasayansi wa kiwanda cha Pliva, kwa kubadilisha muundo wa erithromaisini. Hunasa kwenye ribosomu ya bakteria, protini zikakwama. Uzuri wake ni kwamba huingia ndani ya seli na kukaa huko siku kadhaa, na bakteria wa trakoma hujificha humohumo. Ndiyo maana dozi moja inatosha.

Ushahidi uko mkoani kwetu. Kahe Mpya, wilaya ya Rombo, watafiti waliwapa dawa karibu wakazi wote waliostahili, wagonjwa na wazima. Maambukizi yalikuwa asilimia 9.5, baada ya miezi 2 yakawa 2.1, na baada ya miaka 2 yakabaki 0.1. (Waliobaki na dalili walipewa pia mafuta ya macho ya tetrasaiklini.) Wangetibiwa wagonjwa peke yao, jirani angewarudishia.

Sasa turudi chumbani kwetu. Mtu ana mafua, anaomba "kimoja tu cha azuma" kilichobaki kwa mwenzake. Mafua ni virusi, hayana ribosomu ya kunaswa. Wanaokutana na dawa ni bakteria wa tumboni na kooni, na wanajifunza. Kongwa, Dodoma, baada ya ugawaji wa trakoma, bakteria sugu aina ya E. koli waliongezeka kwenye vinyesi vya watoto. Na ule ulikuwa ugawaji wenye mpango na sababu!

Bibi aliniuliza kama nimletee hizo dawa. Hapana, bibi. Kilichobaki kwake ni kovu, na kovu linataka upasuaji mdogo wa kope. Amekubali twende, ila kibano hajakitupa.